Nani Ataamka Betri Ikilia?



Twasikia ya kwamba betri za akiba, zile zishikazo taa za ishara na simu stima ikipotea, sasa zitapimwa na mashine. Vipimaji vidogo hufungwa juu ya kila betri, navyo hupeleka ofisini habari za volti, joto, na ugumu wa umeme kupita ndani. Hapana mtu wa kuzunguka na haidromita na kitabu. Wengine wetu wamekwisha kasirika. Mimi sikasiriki, lakini nina maneno.

Kupima, mashine yatushinda. Seli 24 za volti 2 hufungwa kwa msururu kupata volti 48, na moja ikifa huwaangusha wenzake wote. Tena seli mbovu ni mwongo: ikipumzika huonyesha volti nzuri, ikitwishwa mzigo huanguka. Aliyekagua mara moja kwa mwezi aliandika "nzuri" kwa moyo safi kabisa. Na joto je? Kila digrii 10 kupita 25, umri wa betri ya risasi hupungua kama nusu. Wenye vibanda vya mabati kutoka Kajiado kuteremka Magadi walijua jua la huko. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilikatika karibu nchi nzima. Kitengela tulikaa gizani, na hata uwanja wa ndege wa Nairobi ulikuwa na sehemu zenye giza. Usiku kama huo si wakati wa kugundua betri imekufa.

Lakini mashine haikazi nati, wala haifuti kutu. Itapiga kelele saa nane za usiku, na simu italia kwa yule yule fundi. Saa hizo zihesabiwe ovataimu, siyo "kusaidia kazi".

Na wapimaji wa zamani wafundishwe kusoma habari hizo. Msiambiwe hawana elimu. Mimi niliishia darasa la nane kwa Mapadri, na kijana mmoja alinifundisha mistari ya volti kwa siku mbili tu.

Wakitaka kupunguza watu, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, yasema chama kipewe sababu si chini ya mwezi mmoja mbele, na kila mtu alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Basi viongozi wetu waulize sasa, kabla vipimaji havijafungwa.