Imani yako yajulikana sokoni, si kanisani tu

Leo ni Jumapili. Huenda umerudi kanisani sasa hivi na gazeti hili liko mkononi huku chai ikipoa. Hebu nikuulize: kesho Jumatatu, jirani yako atajuaje kwamba wewe ni Mkristo?

Katika jiji kama Nairobi, swali hili ni rahisi kulikwepa. Makanisa yako kila mtaa, na Mkristo hupotea katika umati wa Wakristo wenzake. Lakini tuseme wewe ni mwalimu kijana au karani, nawe umepewa barua ya kwenda kufanya kazi Lamu. Unafika Mokowe, unaingia mashua, unashuka gatini kisiwani. Hapo misikiti ni mingi na makanisa ni ya kuhesabu. Vichochoro ni vyembamba, mizigo hubebwa na punda, na kabla ya juma kwisha watu wanajua unakula wapi, unarudi saa ngapi, na kama unalipa madeni.

Ramadhani imeingia. Ni adhuhuri, nawe una njaa. Hakuna sheria inayokukataza kula barazani. Lakini Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya chakula, alifundisha kwamba kuwa na ruhusa hakutoshi. Mtazame na mwenzako. Basi kula ndani. Huo si woga wala kuikana dini yako, ni upendo. Na jioni jirani akikuletea sahani ya futari, ipokee kwa mikono miwili, wala siku ya kuirudisha usiirudishe tupu.

Kisha kuna pesa. Umekwenda Faza kikazi siku mbili, na mwenzako ofisini akunong'oneza uandike nne ili mgawane marupurupu. Fomu ile haina mahali pa kuandika dini yako, lakini utakachokijaza kitaitangaza. Yafaa nini kuimba kwaya Jumapili na kuiba kwa kalamu Jumatatu?

Hayo ni madogo. Yako na mazito. Usiku wa Juni 15, 2014, watu wenye silaha waliuvamia mji wa Mpeketoni, upande wa bara wa Kaunti ya Lamu, ambako wakazi wengi ni Wakristo. Usiku uliofuata wakavamia vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 60 waliuawa. Mwezi wa Julai serikali ikaweka kafyu ya usiku, na wavuvi wa visiwani, Waislamu wasiokuwa na hatia yoyote, wakazuiwa kwenda kuvua usiku.

Jiulize, msomaji: ungekuwa Mkristo wa huko, asubuhi ile ungelipita duka la Mwislamu uliyekuwa ukinunua kwake sukari kila siku? Ungemnyima mpangaji chumba kwa sababu ya jina lake? Hasira ya aliyefiwa ina sababu, na hakuna mwenye haki ya kumwambia asilie. Lakini kumlipiza mtu asiyekukosea ni dhuluma mpya, si haki.

Kumbuka Yesu alipoulizwa jirani ni nani. Katika mfano wake, kuhani na Mlawi walipita kando. Aliyesimama kumsaidia majeruhi alikuwa Msamaria, mtu wa jamii iliyodharauliwa na waliokuwa wakimsikiliza. Yesu angeweza kumchagua mtu wa kwao. Hakufanya hivyo.

La, kusamehe si kumficha mhalifu. Aliyeona na atoe ushahidi mahakamani, kwani haki nayo ni sehemu ya imani. Ila kabla ya kusema "wao," litaje kwanza jina la jirani mmoja unayemjua, aliyekubebea maji ulipougua au aliyekuja kwenye mazishi yako. Utaona jinsi neno "wao" linavyokuwa zito mdomoni.

Wazazi, leo jioni mezani, msiwaulize watoto mhubiri alisema nini tu. Waulizeni ni uamuzi gani mmoja wataufanya tofauti juma hili: chenji iliyozidi itakayorudishwa, mtihani usioibwa, au salamu kwa jirani wa dini nyingine. Nanyi watajieni wenu, kwani mtoto hufuata nyayo kabla hajafuata mahubiri.

Jumapili njema.