Tochi Haimjui Mrushaji

Kuna imani moja inayotawala besiboli ya Marekani, kuanzia viwanja vya watoto hadi ofisi za klabu kubwa: kijana anayerusha mpira kwa kasi kuliko wenzake ndiye mwenye kesho. Mengine yote, wanasema, atafundishwa. Kulenga atafundishwa, mpira wa kupinda atafundishwa, utulivu atafundishwa. Kasi peke yake ndiyo majaliwa ya Mungu. Nasema imani hiyo si kweli, haijawahi kuwa kweli, na sasa imekuwa hatari kwa sababu inaharibu mikono ya watoto.

Kwa msomaji aliyezoea soka, mambo yenyewe ni haya. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji mwenye gongo. Mpira wa kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kabla nusu sekunde haijaisha. Mpigaji akipata straiki tatu, yaani akiukosa mpira au kuuacha upite ndani ya eneo halali mara tatu, ametolewa. Mrushaji akirusha mipira minne iliyopita nje ya eneo halali, mpigaji anatembea bure hadi besi ya kwanza. Wakitolewa watatu, zamu ya timu hiyo imekwisha. Ligi Kuu ina klabu 30, na kila klabu ina timu nne chini yake, jumla 120, katika ngazi za Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Huko ndiko vijana wanakopikwa, na huko ndiko klabu zinakotafuta jibu la swali lenye pesa nyingi: kati ya warushaji hawa wote, yupi atapanda?

Tochi, chombo cha kupima kasi, iliingia kwenye mchezo huu mwaka 1974. Danny Litwhiler, kocha wa Chuo Kikuu cha Michigan State, alipata habari za polisi wa chuo kupima mwendo wa magari kwa tochi, akawaza kwamba chombo hicho kinaweza kupima mpira. Kampuni ya JUGS ikatengeneza cha besiboli. Kwa hiyo ndiyo, ni tochi ileile ambayo trafiki wetu wanawategea madereva barabarani. Kabla yake skauti alikaa nyuma ya wavu akatazama kwa macho, akamsikiliza mdakaji, yule anayepokea mpira nyuma ya mpigaji, akaona wapigaji wanavyochelewa. Baada yake, skauti alikuwa na namba.

Namba ina nguvu ya pekee mbele ya bosi, na hapa ndipo ninapoona mzizi wa imani yenyewe. Skauti aliyemsajili kijana wa kilomita 158 kisha kijana akashindwa, hakuna wa kumlaumu, tochi ilisema. Aliyemsajili kijana wa kilomita 140 kisha akashindwa, ataulizwa alikuwa anafikiria nini. Imani ya kasi haikudumu miaka hamsini kwa sababu inatabiri vizuri. Imedumu kwa sababu inamkinga anayetabiri.

Mwaka 1990 Todd Van Poppel, kijana wa sekondari kutoka Texas mwenye mpira wa moto, alitajwa kuwa angechaguliwa wa kwanza kuliko vijana wote nchini katika uchaguzi wa kila mwaka ambapo klabu huchagua vijana kwa zamu. Atlanta, waliokuwa na nafasi ya kwanza, wakamchukua Chipper Jones kwa kuwa Van Poppel alionyesha anataka kwenda chuo kikuu. Oakland wakambahatisha katika nafasi ya 14 na kumsajili kwa zaidi ya dola milioni moja. Mpira wake ulikuwa wa kasi, lakini ulikwenda umenyooka, na wapigaji wa Ligi Kuu hawaogopi kasi iliyonyooka. Alimaliza kazi yake na ushindi 40 na vipigo 52, akiruhusu wastani wa pointi 5.58 kwa kila zamu tisa. Jones yuko kwenye Ukumbi wa Mashuhuri wa Cooperstown.

Lakini anayenisumbua zaidi ni Steve Dalkowski. Baltimore Orioles walimsajili mwaka 1957 akitokea New Britain, Connecticut, kijana wa kimo cha kawaida aliyevaa miwani. Enzi hizo tochi haikuwapo, ila wengi waliosimama mbele yake walikufa wakiamini hawajaona mpira wa kasi kama ule. Mwaka 1960, akiwa Stockton, California, aliwatoa wapigaji 262 kwa straiki. Katika zamu zilezile 170 akawapa besi ya bure wapigaji 262. Soma tena namba hizo mbili. Zote ni za mtu mmoja, msimu mmoja.

Miaka miwili baadaye, huko Elmira, New York, akaangukia mikononi mwa Earl Weaver, ambaye baadaye alikuja kuwa kocha mkubwa wa Orioles. Weaver hakumtaka arushe kwa nguvu zaidi. Alimtaka apunguze. Msimu huo wa 1962 Dalkowski aliwatoa 192 kwa straiki na kutoa besi za bure 114 katika zamu 160. Bado ni nyingi, lakini ni chini ya nusu ya kiwango cha Stockton. Ulikuwa msimu wake bora kabisa, na aliupata kwa kuacha kurusha kama tochi inavyotaka. Machi 1963, kambini, kiwiko kikauma. Hakurusha mpira hata mmoja wa msimu wa Ligi Kuu. Alifariki Aprili 2020.

Watu humsimulia Dalkowski kama kipaji kilichopotea. Mimi naona kesi iliyokwisha kuamuliwa. Alikuwa na kila kitu ambacho imani ya kasi inakihitaji, na klabu ilikuwa na miaka mitano ya kumfundisha kile kilichobaki. Ikiwa kulenga ndilo somo rahisi, mbona walihitaji miaka mitano, na mbona aliyefanikiwa alifanikiwa kwa kupunguza kasi?

Na huku upande wa pili, kile kinachosemwa hakifundishiki kimefundishika mchana kweupe. Ripoti ambayo Ligi Kuu yenyewe iliitoa Desemba 2024 inaonyesha kwamba wastani wa mpira wa kasi ulikuwa maili 91.3 kwa saa mwaka 2008 na ukafika 94.2 mwaka 2024, yaani kutoka kilomita 147 hadi karibu 152. Binadamu hakubadilika umbo katika miaka 16. Kilichobadilika ni mazoezi: mipira mizito, kamera zinazopima kila pembe ya kiwiko, vituo kama Driveline huko jimbo la Washington ambavyo kazi yake kuu ni kumwongezea mrushaji maili. Kasi leo ni somo lenye walimu, ratiba na ada. Kwa hiyo klabu inayomchagua kijana kwa kasi kwa kuwa "haifundishwi" inanunua kwa bei ya juu bidhaa inayopatikana kila kona, na inaacha kile kilichobaki adimu.

Chicago Cubs walikipata kile adimu karibu bure. Kyle Hendricks alichaguliwa na Texas Rangers mwaka 2011 katika raundi ya nane akitokea Chuo cha Dartmouth, akahamishiwa Cubs Julai 2012 kama sehemu ya malipo ya mrushaji Ryan Dempster. Kwa tochi, alikuwa mtu wa kawaida, na hata Ligi Kuu mpira wake ulizunguka kilomita 140 na kitu. Mwaka 2013, akigawanya msimu kati ya Double-A na Triple-A, alishinda mechi 13 na kupoteza nne. Mwaka 2016 aliruhusu pointi 2.13 kwa zamu tisa, kiwango bora kuliko mrushaji yeyote wa Ligi Kuu msimu huo. Tarehe 22 Oktoba akawazima Los Angeles Dodgers, akiwa anakabiliana na mrushaji wao nyota Clayton Kershaw, na kuwafikisha Cubs fainali. Tarehe 2 Novemba ndiye aliyeanza mechi ya saba, ile iliyowapa Cubs ubingwa wa kwanza tangu 1908.

Namkumbuka pia Mike Brito, skauti wa Dodgers. Mwaka 1978 alikwenda Silao, Meksiko, kumtazama mchezaji mwingine kabisa, akarudi na jina la mrushaji kijana mnene kidogo anayeitwa Fernando Valenzuela. Kasi ya kijana ilikuwa ya wastani. Dodgers wakamnunua mwaka 1979, Bobby Castillo akamfundisha mpira unaopinda kinyume cha kawaida, na mwaka 1981 Valenzuela akaanza msimu kwa kushinda mechi nane mfululizo na kumaliza akiwa na tuzo ya mchezaji bora mpya pamoja na Tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora. Brito huyohuyo baadaye alijulikana na kila shabiki wa Dodgers kama mzee wa kofia ya Panama aliyesimama nyuma ya mdakaji akishika tochi. Tochi aliishika, lakini uamuzi uliomjengea jina aliufanya kwa macho yake.

Najua watetezi wa kasi watajibu nini, na jibu lao lina uzito. Mpira wa kilomita 156 unamnyima mpigaji muda wa kuamua, na unamsamehe mrushaji makosa ambayo mwenye 140 hasamehewi. Ni kweli vilevile kwamba vijana wengi wa mpira wa taratibu wanaotamba Single-A huumbuka wakifika Double-A, kwa sababu wapigaji wa huko hawakimbilii mpira uliotoka nje. Kijana wa miaka 23 aliyetoka chuo kikuu akiwadanganya watoto wa miaka 19 kwa mpira wa kupunguza mwendo hajathibitisha chochote. Na takwimu zenyewe hudanganya: aliyeruhusu pointi tano kwa zamu tisa huko Albuquerque, mji ulio juu sana kutoka usawa wa bahari ambako hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali, huenda ni bora kuliko aliyeruhusu tatu mahali pengine. Yote hayo nayakubali. Sisemi klabu zichague wa taratibu. Nasema kasi ni sifa moja, na thamani yake ni kile inachomfanya mpigaji.

Basi mtazame mpigaji. Anachelewa, au anaugonga mpira nyuma mfululizo mpaka auzoee? Mtazame mdakaji: glavu ilifunguliwa wapi, na mpira ulitua wapi? Mguu wa mbele wa mrushaji unatua palepale kila mara? Mkono wake unakuja kwa mwendo uleule anaporusha wa kasi na anaporusha wa kudanganya, au unapungua na kumwambia mpigaji kinachokuja? Subiri akutane na mpigaji yuleyule mara ya tatu, kwa sababu mara ya kwanza hata mjinga hufaulu. Mwenzake akidondosha mpira rahisi, anatulia au anaanza kurusha kwa hasira? Ukirudi nyumbani, toa asilimia ya besi za bure kwenye asilimia ya wapigaji aliowatoa kwa straiki, kisha ulinganishe umri wake na wa wapinzani wake. Kazi hii inachukua wiki kadhaa, na ndiyo maana watu wanapenda tochi, inayojibu kabla mpira haujarudi kwa mrushaji.

Kamera za siku hizi, zinazopima mzunguko wa mpira na jinsi unavyohama angani, zina faida ya kweli, na sitazibeza. Ila nimeona namna zinavyotumika: mtu anabadilisha namba moja kwa namba nne na bado hajamtazama mpigaji.

Gharama ya yote haya iko kwenye kiwiko. Septemba 1974, Dakta Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono mmoja wa mrushaji Tommy John na kuipandikiza kwenye kiwiko cha mkono mwingine. John alirudi, akarusha hadi 1989, akashinda mechi 164 zaidi. Tangu hapo umejengeka mzaha mbaya, kwamba kiwiko ni kipuri, kikikatika kinabadilishwa. Sasa wanaolazwa ni wanafunzi wa sekondari. Ripoti ile ya 2024 ilitaja kutafuta kasi ya juu kabisa na kurusha kila mpira kwa nguvu zote kuwa miongoni mwa visababishi vya wimbi la majeraha. Mrushaji Jacob deGrom, aliyezidi kuongeza kasi kadiri alivyozidi kukua kiumri, alisajiliwa na Texas Rangers kwa mkataba wa dola milioni 185, akaanza mechi sita tu mwaka 2023, akarudi kwenye kisu kwa mara ya pili. Huyo ni mtu mzima mwenye madaktari wa klabu. Mtoto wa Jamhuri ya Dominika, ambako mikataba hutiwa saini kijana akifikisha miaka 16, anajua tangu utotoni kwamba tochi ndiyo itakayoamua kama familia yake itajenga nyumba. Atarusha kwa nguvu zote hata kiwiko kikilia.

Sasa tochi imefika kwetu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Kombe la Dunia la Little League huko Williamsport, Pennsylvania. Mwaka 2022 Dodgers waliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Leo kuna David Matoma, mrushaji wa Uganda aliye katika timu za chini za Pittsburgh Pirates, na habari zake karibu zote huanza na maili 100 kwa saa. Ninamtakia heri kwa moyo wote. Hiyo ndiyo sababu ninataka waandishi wetu waulize swali la pili: anatoa besi ngapi za bure, na Pirates wanamfundisha nini?

Na kwa makocha wa Lugazi, na wale wa uwanja wa Azania pale Dar es Salaam, ombi langu ni moja. Mtoto wa miaka 14 asipimwe kwa tochi. Mwekeeni glavu ya mdakaji, hesabuni ni mipira mingapi kati ya kumi imetua humo, iandikeni kwenye daftari, na skauti akija mpeni daftari hilo kwanza.