Mbao zitibiwe depo, si baada ya nyumba kuanza kuliwa

Mama anafagia chini ya kitanda, anakuta unga mweupe, laini kama wa muhogo. Kesho yake unga umerudi. Akiinua macho anaona vitundu vya milimita 1 au 2 kwenye mti wa ukuta, kama vimetobolewa kwa sindano. Wakaaji wengi wa Goma wanaujua unga huo.

Hapa nyumba ya mbao si anasa. Tangu lava ya Nyiragongo ifunike sehemu ya mji tarehe 17 Januari 2002, familia nyingi zimejenga kwa mbao juu ya mawe ya volkano, maana ni haraka na ni nafuu kuliko matofali. Mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 uliteketeza nyumba upande wa Buhene, na watu wakaanza tena kutafuta mbao.

Depo, wanunuzi huogopa rangi. Ubao wenye mistari ya bluu au kijivu wanaukataa, au wanashusha bei. Rangi hiyo inaletwa na kuvu inayoingia katika mti mbichi uliorundikwa bila hewa, na haipunguzi sana nguvu ya ubao. Inachoonyesha ni kwamba mbao zilikaa zimelowa, ndiyo sababu baadhi ya wachuuzi hupitisha randa haraka kabla mteja hajafika. Lakini ubao mweupe, mzuri kwa macho, ndio unaweza kuwa umebeba mayai ya dumuzi.

Dumuzi jike hutaga katika vinyweleo vya miti migumu kama mkaratusi. Buu linakula wanga ulio katika sehemu ya nje ya mti, ile nyeupe. Kiini cheusi haligusi. Linakaa ndani miezi mingi, kisha mdudu mzima anatoboa na kutoka. Kwa hiyo kitundu kikionekana, kazi imekwisha kufanyika. Na mikaratusi inayokatwa ikiwa michanga, kwa haraka ya pesa, karibu yote ni hiyo sehemu nyeupe.

Mafundi wengi wanapaka mafuta machafu ya gari. Mafuta yanabaki juu, buu linaendelea kula ndani. Mbaya zaidi, yanalisha moto, katika kartie ambako kuta zinagusana na jirani anapikia makaa. Goma na Bukavu zimekwisha kuona moto wa namna hiyo mara nyingi mno.

Dawa ipo, na si ya ajabu: chumvi ya borax. Ubao unachovywa ukiwa bado mbichi, unafunikwa wiki kadhaa ili dawa ipenye ndani kwa njia ya maji yaliyomo, kisha unapangwa chini ya paa, vijiti katikati, ukauke. Ubao ukikwisha kukauka, dawa haipenyi tena vizuri. Mvua nayo inaiosha, kwa hiyo inafaa mbao za ndani. Ndiyo maana kumwachia mnunuzi kazi hiyo ni kumdanganya. Ni kazi ya mpasuaji na mwenye depo.

Wakuu wanaotoza ushuru kwa kila gari la mbao linaloingia mjini wangeweza kuuliza pia kama mzigo umetibiwa. Kwa sasa wanahesabu mbao tu. Mama mwenye ufagio ndiye anayelipa mara ya pili.