Njaa ya Kinanie ina sahihi na mhuri

Njaa inayonyemelea Kinanie, Kaunti ya Machakos, haikuletwa na ukame peke yake. Sehemu yake kubwa imejadiliwa ofisini, ikatiwa sahihi, ikagongwa mhuri na kulipiwa ada. Huo ndio msimamo wa gazeti hili, na tunautoa tukijua vyema kwamba wahusika wangependa lawama zote ziendelee kuelekezwa mawinguni.

Hatukatai kwamba mvua imekuwa adimu. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilifeli katika maeneo makavu ya Kenya. Mkulima wa Machakos hutegemea mvua ya Oktoba hadi Desemba kuliko ile ya masika, kwa hiyo katika misimu hiyo mitano alipoteza vuli tatu. Mahindi yalikauka kabla ya kubeba, na hata kunde na ndengu, mazao yaliyozoea dhiki, yalishindwa.

Hata hivyo, Kinanie si jangwa. Iko katika bonde la Mto Athi, mto wa pili kwa urefu nchini, unaoendelea hadi kuitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Mwenye pampu na ekari moja kando ya mto huo anaweza kulima nyanya na sukuma wiki hata mbingu zikifunga, na soko la Nairobi haliko mbali. Kijiji chenye mto, ardhi na soko hakipaswi kupanga foleni ya mahindi ya msaada. Kikipanga, kuna aliyekivurugia.

Tuanze na ardhi. Mavoko nzima, eneo lenye Kinanie, imekuwa uwanja wa madalali. Shamba lililokuwa likilisha familia linakatwa vipande vya futi 50 kwa 100, linapigwa vigingi na kutangaziwa wanunuzi wa mjini. Ploti nyingi hubaki miaka mingi bila nyumba wala jembe, zikiota magugu zikisubiri bei ipande. Hapo nchi imepoteza shamba bila kupata makao.

Sheria ya kuzuia uharibifu huu ipo tangu 1967. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inaiagiza bodi ya udhibiti wa ardhi ikatae ombi la kugawanya shamba la kilimo iwapo mgawanyo huo unaelekea kupunguza uzalishaji wake. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 nayo inaitaka kaunti itoe idhini kabla ardhi haijagawanywa au kubadilishwa matumizi. Kwa hiyo hakuna ekari ya Kinanie inayoweza kugeuzwa ploti kihalali bila maafisa wa umma kukubali. Ni nani basi aliyeamua kwamba kuikata ekari ya kando ya mto vipande vinane hakupunguzi mavuno? Tunataka kuona kumbukumbu za vikao hivyo.

Wapo watakaosema kwamba mkulima mwenyewe ndiye anayeuza, na mali ni yake. Ni kweli anauza. Anauza kwa sababu karo imefika, pampu imeharibika, na maji ya mto hayamhakikishii tena zao ambalo mnunuzi atalikubali. Serikali inayomwachia mkulima mto mchafu, kisha ikajitetea kwamba aliuza kwa hiari, inakwepa wajibu wake.

Hapo tunafika kwenye maji. Mto Athi hufika Kinanie ukiwa umeshapitia mji wa viwanda wa Athi River. Kanuni za Ubora wa Maji zinamkataza yeyote kumwaga majitaka katika mazingira bila leseni, na zinaweka viwango ambavyo maji ya kunyunyizia mimea lazima yatimize. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, imepewa uwezo wa kupima, kufunga na kushtaki. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo inayotoa vibali vya kuchota. Lakini mkulima hana mahali anapoweza kusoma, wiki kwa wiki, ikiwa maji anayoyavuta leo yanafaa nyanya zake au yatamharibia udongo. Na mboga hizo haziishii Kinanie. Hupakiwa magari alfajiri na kwenda kuuzwa Nairobi, kwa hiyo kinachomwagwa mtoni huishia sahanini mwa watu walio mbali na bomba lililokitoa.

Haki inatudai tuseme pia kwamba wakulima nao wana makosa. Kanuni hizohizo zinazuia kulima kwenye ukingo wa mto, kati ya mita 6 na 30 kutegemea upana wake, na wapo wanaopanda hadi maji yanapogusa mizizi. Waache. Lakini asikamatwe mwenye jembe huku mwenye bomba linalomwaga majitaka usiku akiachwa.

Juu ya yote haya, Kinanie ndiyo iliyotengewa bustani ya viwanda vya ngozi, ekari 500 chini ya Mamlaka ya EPZ, yaani maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje. Hatuupingi mradi huo. Kwa miaka mingi Kenya imeuza nje ngozi zilizosindikwa nusu tu, na vijana wa Mavoko wanahitaji kazi. Lakini usindikaji wa ngozi hunywa maji mengi na hutumia chumvi za kromiamu, na mtambo wa kusafisha majitaka ndio moyo wa mradi wa namna hiyo. Mtambo huo ukisimama siku moja, siku hiyo mashamba ya chini ya mto yamo hatarini.

Anayeona tunatia chumvi na akumbuke Owino Uhuru, Mombasa. Huko, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofanya kazi chini ya mpango huohuo wa EPZ kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni, na NEMA ikawa miongoni mwa waliobebeshwa dhima. Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliurejesha uamuzi huo baada ya Mahakama ya Rufaa kuutikisa. Lakini hakuna fidia inayoweza kumfufua aliyekufa.

Kuna kisingizio kimoja kilichobaki: kwamba watu wamezidi na ardhi haiwezi tena kuwalisha. Historia ya Machakos inakikanusha. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwapokonya Wakamba ng'ombe kwa madai kwamba wanaharibu udongo, na mifugo hiyo ikapelekwa kiwanda cha nyama cha Liebig, papa hapa Athi River. Muindi Mbingu aliongoza maelfu hadi Nairobi kupinga, akakamatwa na kuhamishiwa Lamu. Wakoloni walitabiri kwamba eneo hili litageuka jangwa. Badala yake, vikundi vya kazi ya pamoja, mwethya, vilichimba matuta ya fanya juu mlima kwa mlima, na utafiti uliochapishwa 1994 ulionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano huku mmomonyoko ukipungua na mavuno kwa kila mtu yakipanda. Waliookoa udongo walikuwa watu wenye uhakika wa shamba lao na soko lao. Hakuna anayechimba tuta kwenye ploti anayongoja kuiuza.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Serikali ya Kaunti ya Machakos isimamishe mara moja idhini za kugawanya mashamba yanayoweza kunyunyiziwa maji ya Mto Athi, hadi mpango wa matumizi ya ardhi ya Mavoko utakapoyatenga rasmi kwa kilimo. Bodi ya udhibiti wa ardhi ichapishe kila ombi ililokubali na sababu zake. NEMA na Mamlaka ya Rasilimali za Maji zipime mto huo juu na chini ya kila bomba la kiwanda, na matokeo yabandikwe kwa chifu ambako mkulima atayasoma. Na ngozi yoyote isilowekwe Kinanie kabla mtambo wa majitaka haujajaribiwa mbele ya wakazi ukathibitishwa unafanya kazi.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha ubora unaokubalika. Mhuri wowote unaoibatilisha haki hiyo unaweza kupingwa mahakamani, na wakazi wa Kinanie wasisite kwenda huko. Wakienda, waliotia sahihi waitwe kwa majina yao, wala si kwa vyeo.