Mikono Huru, Akili Kifungoni

Mkenya anunuaye gari lililokwisha kutumika Japani hupokea, pamoja na ufunguo, sauti ya mwanamke asiyemjua. Kila asubuhi gari linapowashwa, bibi huyo hutamka maneno machache kwa upole na adabu tele, naye mwenye gari hudhani anasalimiwa. Kumbe hasalimiwi. Mara nyingi anaarifiwa kwamba kadi ya kulipia barabara kuu za Japani haijachomekwa mahali pake. Kadi yenyewe, hata ingepatikana, isingemfaa kitu: barabara yetu ya juu ya kulipia, ile iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, haiitambui hata kidogo.

Nimemtaja bibi huyu kwa sababu yeye ndiye chanzo cha biashara kubwa inayoendelea mjini Nairobi, biashara ya kung'oa redio za magari na kupachika nyingine zenye kioo, ramani na simu. Biashara hiyo imefika kila mtaa, na Lucky Summer haikusazwa. Walimu wengi siku hizi wana vigari vyao vidogo, na ni haki yao. Basi si vibaya tukayachambua yanayouzwa pamoja na kioo hicho, tukajua lipi la kununua na lipi la kuliachia duka.

Tuanze na redio, kwani ina kisa chake. Japani ilijipangia masafa ya FM kuanzia 76 hadi 90, ilhali Kenya, kama mataifa mengi ya dunia, hutumia 87.5 hadi 108. Miaka ya karibuni Wajapani wameusogeza mpaka wao hadi 95, lakini magari mengi yaliyo katika barabara zetu yana redio zilizotengenezwa kwa mpaka wa zamani. Sehemu ambapo masafa yao na yetu yanakutana ni nyembamba kama uzi. Ndani ya uzi huo, kwa hapa Nairobi, imo Ghetto Radio kwenye 89.5, inayotangaza kwa Sheng. Haimo Radio Taifa ya KBC kwenye 92.9, wala Radio Jambo kwenye 97.5, wala Radio Citizen kwenye 106.7. Mwalimu wa Kiswahili aliyejinyima kwa miaka mingi hadi akapata kigari chake hujikuta, basi, anamiliki chombo kinachojua Kijapani na Sheng, na kuikataa katakata lugha anayoifundisha. Sina ugomvi na Sheng. Nasema tu kwamba mzaha huu haukupangwa na mtu yeyote.

Kwa mkazi wa Lucky Summer jambo hili lina uchungu wa ziada. Mtaa huu, ulio katika eneobunge la Ruaraka, ni jirani wa Korogocho. Na huko Korogocho iko Koch FM, redio ya jamii iliyoanzishwa na vijana wa huko mwaka 2006, inayosikika kwenye 99.9. Redio za jamii huruhusiwa mitambo yenye nguvu kidogo, hivyo sauti zao haziendi mbali. Husikiwa na majirani na kutangaza ya majirani. Gari lililoegeshwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka redio hiyo halina habari kwamba ipo.

Fundi wa mtaani analo jibu la bei nafuu, nalo nalipendekeza kwa kila asiye na fedha za kuchezea. Ni kisanduku kidogo kinachochomekwa baina ya antena na redio, na kazi yake ni kushusha masafa. Kisanduku kikiwa cha kushusha 20, Koch FM ya 99.9 huonekana redioni kama 79.9. Lakini hapo ndipo wengi hulalamika kwamba wametapeliwa, na kosa si la fundi wala la kisanduku, bali la kutofanya hesabu. Ukitoa 20, unachopata ni masafa ya kuanzia 96 kwenda juu, na Radio Taifa hubaki nje. Ukichagua kisanduku cha kushusha 12, unapata kuanzia 88 hadi 102. Radio Taifa inaingia, Koch FM inaingia, Radio Citizen inatoka. Mwalimu wa hisabati akitaka swali la kutoa lenye nukta ya desimali na lenye faida ya kweli, hili hapa.

Wasiotaka kuhesabu huenda barabara ya Luthuli au ya Kirinyaga, wakarudi na redio mpya yenye kioo kikubwa. Wakati mwingine hawana budi. Zipo redio za Kijapani ambazo betri ya gari ikitolewa hata kwa dakika moja, hujifunga na kudai kadi ya ramani au nambari ya siri iliyobaki kwa mwenye gari wa kwanza, na tangu siku hiyo gari huwa bubu. Redio mpya huondoa adha hiyo. Fauka ya hayo, huja na kamera ya nyuma, na kamera hii naiunga mkono bila kusita. Katika mtaa ambamo watoto huchezea penye nafasi yoyote, pamoja na nyuma ya magari yaliyoegeshwa, dereva anayerudi nyuma akitegemea vioo vya pembeni huwa anabahatisha.

Kisha kuna ramani. Setilaiti za GPS, ambazo ni mali ya Marekani, humwangaza mtu wa Lucky Summer sawasawa na mtu wa Tokyo. Zikionekana 4 angani kwa wakati mmoja, chombo kinaweza kukokotoa mahali kilipo. Kinachokosekana katika gari la Kijapani si setilaiti, ni ramani, kwani iliyomo huishia pwani ya Japani. Redio mpya hutumia ramani za intaneti, na hizo zinaifahamu Nairobi vyema. Hata hivyo, ramani hujua tu kile ambacho mtu amekwenda kukiandika. Kibera, mtaa unaotajwa duniani kote, ilikuwa doa tupu katika ramani nyingi hadi mwaka 2009, vijana wake walipozunguka na vifaa vya GPS mikononi, wakachora vichochoro, mabomba ya maji, shule na zahanati, wakavitia katika ramani huria ya OpenStreetMap. Kazi hiyo ikaendelezwa Mathare. Mtu wa Lucky Summer akikuelekeza kwake bado atakutajia stegi, kanisa, kinyozi na rangi ya lango, na hatakutajia jina la njia. Sioni kwa nini wanafunzi wa jiografia wa shule za mtaa huu wasingepewa kazi ya kuandika njia zao wenyewe. Ingekuwa na maana kuliko kuchora kwa mara ya kumi umbo la Bonde la Ufa.

Hadi hapa, basi, niko upande wa mwenye gari na fundi wake. Tunaachana panapofika simu.

Redio hizi zote huuzwa kwa sifa moja inayorudiwa na kila muuzaji: kwamba dereva ataongea na simu bila kuishika. Bluetooth huunganisha simu na spika za gari, kipaza sauti kidogo hubandikwa karibu na usukani, na mazungumzo huendelea mikono yote miwili ikiwa mahali pake. Mnunuzi huambiwa kwamba hiyo ndiyo salama, na kwamba polisi hatamgusa. Kuhusu polisi, muuzaji huenda akawa na hoja. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zilimwekea dereva atumiaye simu gari likiwa katika mwendo faini ya shilingi 2,000. Lakini askari aliyesimama kando ya barabara huona mkono ulioinuliwa hadi sikioni. Hana jicho la kuona mazungumzo.

Kuhusu usalama, muuzaji hana hoja. Mwaka 1997 watafiti wawili, Redelmeier na Tibshirani, walichapisha uchunguzi wa madereva 699 wa Toronto, nchini Kanada, waliokuwa na simu na waliokuwa wamegongana. Walilinganisha wakati wa ajali na kumbukumbu za simu walizopiga na kupokea, wakaona kwamba hatari ya kugongana wakati wa mazungumzo ilikuwa takriban mara nne ya kawaida. Waliotumia simu zisizoshikwa mkononi hawakuonekana kuwa na nafuu yoyote. Mwaka 2005 uchunguzi kama huo ukafanywa Perth, Australia, kwa madereva 456 waliojeruhiwa hadi kufikishwa hospitali. Jibu lilikuwa lile lile: mara nne, simu iwe mkononi au isiwe. Mwaka uliofuata David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah wakawaweka watu katika mashine ya kuigiza uendeshaji, mara wakiongea na simu, mara wakiwa wamekunywa pombe. Walioongea, wawe wameshika simu au hawakuishika, walichelewa kukanyaga breki, na kwa jumla hawakuwa bora kuliko waliolewa.

Haki itendeke: wapo watafiti wengine walioweka kamera ndani ya magari ya watu, wakaona kwamba hatari kubwa kuliko zote ni kupapasa simu, kutafuta namba na kuandika ujumbe, na kwamba kuongea peke yake kuna madhara madogo zaidi. Sipuuzi matokeo yao. Lakini mengi ya magari hayo yalikuwa yakienda katika barabara za Marekani, zenye njia zilizochorwa na kando za kutembelea. Hebu dereva huyo huyo aletwe ndani ya Lucky Summer saa kumi na mbili unusu asubuhi. Watoto wa sare wanatembea barabarani kwa sababu pembeni pamejaa vibanda. Mkokoteni wa maji umesimama. Bodaboda inapita kulia, nyingine kushoto, na matatu imekatiza ghafla kumchukua abiria mmoja. Njia kama hii inahitaji akili nzima, na mtu anayejibizana na mwenye nyumba kuhusu kodi ya mwezi amebaki na nusu yake. Macho yake yanamtazama mtoto, lakini hayamwoni.

Nimeulizwa mara nyingi: je, kuongea na abiria si sawa na hilo? Si sawa, na sababu yake kila mwalimu ataielewa. Abiria anaona njia. Mkokoteni ukijitokeza, hukatiza maneno yake, hunyamaza, pengine husema, "Angalia pale." Mtu aliye upande wa pili wa simu haoni chochote, naye huendelea kudai jibu pale pale ambapo dereva angehitaji kimya. Darasani tunamfahamu mwanafunzi anayetazama ubao kwa macho makavu huku mawazo yake yako nje uwanjani. Hatumsifu kwa kuwa mikono yake iko juu ya deski.

Hapa wenye teksi za kuitwa kwa programu ya simu watanijia juu, na wana sababu. Kazi yao inaanza na simu na kuishia na simu. Asiyepokea hapati abiria. Siwezi kuwaambia waache. Naweza kusema kwamba ramani huwekwa gari likiwa limesimama, na kwamba dakika moja ya kuegesha kando ili kumjibu abiria haijamfilisi mtu. Kampuni zinazowatuma ndizo zinazopaswa kusumbuliwa zaidi, kwa kuwa ndizo zilizoamua dereva apewe sekunde ngapi za kukubali kazi.

Ila ninaowakusudia leo ni wa karibu zaidi. Kila mwaka zaidi ya watu 4,000 hufariki katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote miongoni mwao ni watembeao kwa miguu. Tumezoea kumlaumu dereva peke yake. Lakini simu ya kuongea ni ya watu wawili, na yule wa pili amekaa salama kitini. Nani anampigia dereva wa gari la shule alfajiri? Ni mzazi anayeuliza, "Umefika wapi?" Ni mzazi mwingine anayesema mtoto wake bado anakunywa chai. Ni mwalimu wa zamu anayetaka kujua mbona gari limechelewa, na gari limechelewa kwa sababu dereva anajibu simu hizo. Gari lenye wazazi ishirini lina watu ishirini wenye uwezo wa kuingia akilini mwa dereva wakati wowote, na mwenye shule akimnunulia dereva redio ya Bluetooth kwa nia njema, amewafungulia wote mlango. Hali ni hiyo hiyo kwa mwalimu mkuu anayempigia mwalimu wake aliye njiani kumwuliza ripoti iko wapi. Mwalimu huyo hawezi kukataa simu ya mkubwa wake, na sasa hana hata kisingizio cha kwamba mikono ilikuwa usukanini.

Tiba yake haihitaji Bunge. Magari mengi ya shule yana msaidizi anayewapandisha na kuwashusha watoto. Namba itakayopewa wazazi iwe ya msaidizi, na simu ya dereva izimwe hadi gari lisimame uwanjani mwa shule. Pasipo msaidizi, wazazi waambiwe kinagaubaga kwamba kati ya saa fulani na saa fulani dereva hapatikani, na anayetaka kujua gari lilipo aulize ofisini. Barua ya kuwaeleza hayo haizidi mistari minne. Mwalimu wa zamu anaweza kuiandika kabla ya kengele ya mapumziko, na watoto wakaibeba jioni.