Chagua Ua Litakalokaa

Wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu. Nami naongeza: si kila ua linalopendeza linafaa kupandwa nyumbani.

Novemba mwaka jana, tukijiandaa kwa harusi ya dada yangu, tulinunua miche ya petunia kando ya barabara hapa Kitale. Yalipendeza ajabu! Lakini kufikia Januari kiangazi kilikuwa kimeyamaliza yote. Baba alishika jembe akasema, "Maua ni hasara. Mvua ikinyesha, hapa ni sukuma wiki." Mama alinyamaza, ila nilijua ameumia.

Likizo ya Aprili nilienda kwa nyanya Bungoma. Karibu na bafu lake la nje pana maua ya kana, yale yenye majani mapana kama mgomba mdogo. Aliyapanda kabla mama hajaolewa. Nilipomweleza kisa chetu alicheka. "Mjukuu wangu, nyinyi mlitazama rangi tu. Mizizi je?" Akachimba, akanikatia vipande vitatu, nikavibeba kwenye matatu ndani ya gunia.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, tuchague maua ya kudumu. Kana na agapanthasi huweka akiba ya chakula chini ya udongo. Majani yakikauka, mvua huyarudisha. Yakisongamana, unayagawa na kumpa jirani bila kutoa hata shilingi.

Pili, tuangalie mahali. Kitale ni kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma ni kama 1,400. Pareto, kwa mfano, huhitaji baridi ndipo ichanue vizuri. Ukiipeleka Bungoma utailaumu bure.

Tatu, tuwafikirie watoto. Vinka hustahimili jua, na hutoa dawa ya saratani ya damu, lakini ukiitafuna ni sumu.

Najua wengine watasema, eti maua ni ya matajiri, sisi tunataka chakula. Hata mimi nakula sukuma wiki! Lakini kana zetu zinakunywa maji ya bafu, mahali ambapo hakuna mtu angepanda mboga. Hazikumnyang'anya baba hata shubiri moja ya shamba.

Sasa zimechanua, nyekundu tupu. Baba hajasema lolote, lakini juzi nilimwona akimhamisha mbuzi na kumfunga mbali nazo.

Je, wenzangu, mwaonaje?