Mambo ya Nyumbani: Ukuta wa Nje Hautoshi

Katika mitaa ya watu wenye nafasi, bwawa la kuogelea uani si jambo la ajabu tena. Mwenye nyumba huzungusha ukuta mrefu, akapachika vipande vya chupa juu yake, akaweka na mlinzi langoni, kisha akalala akiamini ya kwamba kila kitu kimo salama. Kwa habari ya mwizi hakukosea. Lakini mtoto wa miaka 2 hatokei barabarani. Yeye yumo ndani tayari: hutoka jikoni, hupita barazani, na punde yuko ukingoni mwa maji.

Wazazi wengi hungojea kusikia ukelele na maji yakirushwa. Hapana budi tufahamu kwamba mtoto mdogo hufa maji kimyakimya. Kinywa chake kimo majini, na pumzi ya kuitia hana. Tena kichwa chake ni kizito kuliko kiwiliwili kiwezavyo kukihimili, hivyo akiinama kuokota mpira hutangulia kichwa wala hawezi kujiinua. Dakika chache bila hewa zatosha kumwua, au kumwachia ulemavu wa ubongo wa maisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na kwamba robo yao hivi walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni uzio unaolizunguka bwawa lenyewe, pande zote 4. Huenda fundi akakushauri ajenge pande 3 tu, na ukuta wa nyumba uwe upande wa nne, ili gharama ipungue. Usikubali. Ukuta huo una mlango, na mlango huo ndio njia ya mtoto. Kimo cha uzio kisipungue mita 1.20. Nondo zisimame wima, kwani za kulala ni ngazi, na nafasi baina yao isizidi sentimeta 10. Lango lifungukie upande wa nje, lijirudishe lenyewe kwa springi, na komeo liwe juu, yapata mita 1.50. Lango lililowekewa tofali lisijifunge, ati wageni wapite kwa urahisi, halina faida yoyote. Viti na vyungu vya maua navyo visiachwe karibu na uzio.

Nchini Ufaransa sheria ya tarehe 3 Januari 2003 iliwalazimisha wenye mabwawa ya nyumbani yaliyochimbwa ardhini kuweka kimojawapo cha vitu 4: uzio, kifuniko, paa au king'ora. Mimi king'ora cha majini sikitegemei sana, maana hulia mtoto akiwa amekwisha kutumbukia, na pasipokuwa na mtu mzima karibu kitawalilia majirani. Nayo plastiki inayoelea tu juu ya maji ni mtego: mtoto huidhania sakafu, akaikanyaga, ikamfunika.

Uzio haumwondolei mzazi zamu yake. Siku za sherehe zina hatari kubwa, kwa kuwa kila mtu mzima hudhani mwenzake ndiye anayetazama. Ateuliwe mtu mmoja kwa jina, asiye na simu mkononi wala bilauri ya pombe, na watoto wadogo wawe karibu naye kiasi cha kuwafikia kwa mkono. Baada ya robo saa apokewe na mwingine. Msichana wa kazi asiyejua kuogelea asipewe kazi hii; ni kumwonea yeye na mtoto pia. Maboya ya mikononi ni ya kuchezea tu. Watu wakishatoka majini, mipira nayo itolewe, isije ikamwita mtoto.

Wasio na bwawa wasidhani kwamba habari hii haiwahusu. Ndoo ya kufulia, pipa la kukingia mvua na shimo aliloliacha mwashi huua vilevile.

Mtoto asipoonekana, tazameni majini kwanza, kabla ya vyumbani na kwa majirani. Akitolewa naye hapumui, msimning'inize kichwa chini wala msimkamue tumbo, kama wengi wafanyavyo. Mlazeni chali mahali pagumu, kichwa kirudi nyuma kidogo, pua ibanwe, apulizwe kinywani pumzi 5. Kwa aliye chini ya mwaka 1, kinywa chako kifunike kinywa na pua yake pamoja. Asipozinduka, kandamizeni katikati ya kifua mara 30, kiasi cha theluthi moja ya unene wake, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo bila kukoma huku mwingine akitafuta gari. Hata akizinduka na kulia, apelekwe hospitali siku ile ile, kwani maji yaliyoingia mapafuni huweza kumdhuru saa kadhaa baadaye.